Juni 1962: Kampala na Tanga

Ahsante, Mwenyekiti. Wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua ninapoanzia. Naam, nitasema jinsi fasihi ya Kiswahili inavyoachwa nje ya fasihi ya baada ya ukoloni, na naanzia Juni 1962, kama kawaida yangu. Nivumilieni.

Mwezi huo waandishi wa Afrika walikusanyika Makerere, Kampala. Achebe alikuwapo, Soyinka alikuwapo, Mphahlele alikuwapo. Alikuwapo pia mwanafunzi wa palepale chuoni, wakati huo akiitwa James Ngugi, na hadithi fupi chache alizokwisha kuchapisha. Mwezi huohuo Shaaban Robert akafariki dunia. Mtu wa Tanga, aliyeanza maisha kama karani wa forodha wa serikali ya kikoloni, akaacha mashairi, tenzi, insha, wasifu na riwaya. Makerere hakualikwa, na asingealikwa hata angeishi miaka mia, maana ule ulikuwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika Kiingereza. Kijana wa hadithi mbili tatu akapita mlangoni, mzee mwenye shehena ya vitabu hana kadi. Na wala si mimi niliyeligundua hilo. Yule kijana mwenyewe, akishaitwa Ngũgĩ wa Thiong'o, alilisema katika kitabu chake Decolonising the Mind, mwaka 1986.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya. Hivi karibuni nilipewa nikague muhtasari wa somo la fasihi ya baada ya ukoloni; chuo sikitaji. Majina kumi na manne, la mwandishi wa Kiswahili hata moja hakuna. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: hao wako kwenye somo la Kiswahili. Yaani huku fasihi, kule Kiswahili! Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa ichukueni Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya 1951. Nchi inaelea angani. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno, na kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya sheria. Tazameni anavyojitetea. Haombi radhi, wala hajisafishi. Anaanza kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyohiyo, wanne katika pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini, wakatafute yatakayoifaa. Kila mmoja anarudi na mawazo mema, na kila mmoja anatupwa gerezani. Baraza linasikiliza siku baada ya siku, na kidogo kidogo anayeshitakiwa si Karama tena. Kitabu hicho kilichapishwa Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika. Nchi ikiwa angani, nani atakuuliza ni nchi gani?

Namwona ndugu pale anatikisa kichwa: 1951 ni kabla ya uhuru, itakuwaje ya baada ya ukoloni? Swali zuri, ila mwulize na Achebe. Riwaya yake ya Okonkwo, Things Fall Apart, ilitoka 1958, Nijeria ikapata uhuru 1960. Hakuna aliyewahi kumtoa kwenye orodha kwa kuwahi miaka miwili. Kalenda inatolewa mfukoni akija Mswahili tu.

Halafu kuna wanaosema Kiswahili hakina nadharia. Mnasoma Fanon, yule mwananadharia wa mapambano dhidi ya ukoloni, vizuri. Hata kwa Kiswahili yupo tangu 1978, Viumbe Waliolaaniwa. Yeye alionya kwamba wazalendo watakalia kiti cha mkoloni kikiwa bado kina joto. Basi mtazameni Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa. Mwaka 1968, uhuru wa Kenya haujatimiza hata miaka mitano, anaandika waraka wenye swali moja: Kenya, twendapi? Jibu lake likawa kifungo cha miaka mitatu. Akiwa gerezani Kamiti akatunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo, Ngũgĩ naye alifanya hivyo, Kamiti hiyohiyo, na dunia nzima inakijua kisa chake. Lakini miaka kama minane kabla yake karatasi hizo zilishabeba Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Shairi moja aliliita Siwati. Msiposikia Kimvita: siachi. Neno moja, na limefungiwa peke yake chumbani. Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi hayo, ikatoka 1973, mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, Kenyatta yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Hapo sina la kuongeza, ingawa ninalo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nimepanga kusema juu ya Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, alivyotoka riwaya ya Rosa Mistika ya 1971 hadi Nagona, riwaya inayowatesa wanafunzi wangu kila mwaka, na haki yao kuteseka. Juu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji, na maji yasiyozuia risasi. Na wanawake! Mhadhara mzima huo, na kuwapa nusu dakika ni kuwatukana, kwa hiyo niiteni tena.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah peke yake siwezi kumwacha. Mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobeli ya 2021. Riwaya yake ya Kiingereza ya 1994, Paradise, tuliipata kwa Kiswahili, Peponi, mwaka 2022. Miaka ishirini na minane kitabu kinazunguka dunia ndipo kifike kwa watu ambao maneno yao yamo ndani yake!

Haya, Mwenyekiti, nimeketi. Yule aliyenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwa Karama apewe kipaza sauti.