Alzheimer: nani anaanza kufa kwenye ubongo?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Niingie moja kwa moja kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, maana muda wenyewe mfupi.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alichukua ubongo wa mama mmoja marehemu, Auguste Deter, ambae alimpokea hospitali Frankfurt mwaka 1901. Akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi ya madini ya fedha, akaweka kwenye hadubini, akaona madoa nje ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani. Leo tunajua madoa ni protini iitwayo amiloidi, nyuzi ni protini nyingine, tau. Ila rangi ile haikwambii seli iliyokaa pembeni ya doa ilikuwa inafanya nini.

Baadae sana watafiti wakaanza kusoma RNA, zile nakala za jeni ambazo seli inatumia muda huo. Shida ni kwamba mwanzoni ulikuwa lazima usage tishu kwanza, kwahiyo unapata orodha ndefu ya seli lakini kila moja ilikaa wapi ushapoteza. Ni kama kuhesabu watu wote wa Kariakoo halafu hujui nani jirani ya nani, na kwenye ugonjwa huu ujirani una uzito sana.

Sasa hivi kipande kinabaki kizima. Wanakibandika kwenye kioo, wanamwagia vipande vya DNA vya kutengeneza vinavyonasa RNA, vinawaka, wanapiga picha, wanazima, wanawasha vingine, wanapiga tena, raundi kwa raundi. Kila jeni ina mpangilio wake wa kuwaka na kuzima, kompyuta inausoma inakwambia jeni fulani ilikuwa hapa, kwenye nukta hii, ndani ya seli hii.

Kule Seattle, Marekani, taasisi ya utafiti ya Allen Institute na wenzao wamesoma RNA ya seli moja moja kwenye ubongo wa watu 84 waliojitolea kabla hawajafariki, na kwa baadhi yao wakatumia njia hii ya picha, matokeo yakatoka 2024. Wakaupanga kila ubongo kulingana na ugonjwa ulivyokolea, wakaona awamu mbili. Ya kwanza inaenda taratibu, mtu bado anajimudu, lakini seli za kinga zishachachamaa na seli za neva zinazotoa kemikali iitwayo somatostatini, zile kazi yake kutuliza neva wenzao, zishaanza kupungua. Ya pili protini zinajaa haraka, neva nyingine zinakufa, ndo familia inashtuka kwamba mzee kabadilika.

Kwangu mimi hiyo awamu ya kwanza ndo ya kupigania, maana tukisubiri mzee asahau majina ya wanae tumeshachelewa sana.

Kuna kitu kinaniuma lakini. Wengi wa hao 84 ni wazungu. Ubongo wa bibi zetu haumo kwenye ramani hii, huku tunasema ni uzee tu tunazika, na kwenye kikao cha familia hakuna anaethubutu kutamka habari ya kuchangia tishu. Madaktari mliopo hapa, naomba tuanzie hapo, niambieni mnafikiri tutaanza kuongea na familia vipi.