"Umenawiri": mashavu yangu, vidonge vyangu na safari ya Tanga

Haya, simu imesimama? Nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, ikidondoka mtanisamehe. Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa zangu, vijana mambo. Leo hamtaona mitaa wala maduka. Niko jikoni kwangu hapa Leicester, nje kuna kile kimvua cha Uingereza kisicholowesha wala kukatika, na Jumapili jioni ndiyo saa yangu ya kupanga vidonge. Ngoja niwasogezee muone. Kiboksi hiki kina vyumba saba, Jumatatu mpaka Jumapili, kila chumba na asubuhi yake na usiku wake. Huwa napanga peke yangu kamera ikiwa imezimwa. Leo tutapanga wote.

Sababu ni komenti za video ya mwezi uliopita. "Dada umenawiri." "Mashavu hayo, Uingereza imekukubali." Mmoja kaandika, "Hela inaonekana usoni." Nilicheka, kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Mashavu ni kweli yamejaa. Yamejazwa na hiki hapa, kidonge kidogo cheupe, kinaitwa prednisoloni, ni steroidi. Nikimeza kwa wingi, uso unaumuka kama andazi, mwingine akisema nimenenepa kwa raha. Machi ugonjwa uliamka, daktari akanipandisha kutoka miligramu 5 hadi 20, ndiyo hayo mnayoyasifia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa lupasi. Namna nilivyomweleza mama ni hivi: mwili una sungusungu wake, wale wa kulinda mtaa usiku. Kazi yao kukamata wezi. Sasa wa kwangu wamechanganyikiwa, wanavunja milango na kuwapiga wenye nyumba. Leo wako kwenye viungo, kesho kwenye ngozi, siku mbaya wanaingia kwenye figo. Hauambukizi, ondoeni hofu. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na sisi weusi unatupata zaidi na unatushika vikali zaidi.

Ndiyo maana mkinitumia unga wa mlonge na asali ya "kuongeza kinga", jamani, napokea kwa mikono miwili maana najua ni upendo, lakini siutumii. Mimi kinga haijanipungukia. Imenizidi. Nikiongezea sungusungu marungu nitalala wapi?

Nilianza kuumwa 2018. Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, shifti za usiku, na asubuhi vidole vilikuwa vimevimba hata kifuniko cha chupa ya maziwa nashindwa kukifungua. Nasubiri kwenye ngazi jirani apite. Nywele zikaanza kutoka mbele, nikalaumu rasta. Uchovu nikalaumu shifti. Kila kitu nilikuwa na cha kukilaumu.

Kumwona daktari huku kuna utaratibu wake. Unaanza na daktari wa mtaa, jipii, bila yeye kukuandikia rufaa humwoni bingwa. Saa mbili kamili asubuhi laini zinafunguliwa, na mtaa mzima unapiga kwa wakati mmoja. Saa mbili na dakika nne unaambiwa uko namba ishirini na kitu kwenye foleni, muziki unapigwa, ukifika mbele nafasi zimeisha, jaribu kesho. Ukipata, ni dakika kumi. Kumi! Sisi kwetu dakika kumi ni salamu tu, habari za nyumbani, watoto, mzee anaendeleaje. Mimi nikaingia nikaanza na salamu. Nilipofika kwenye magoti, daktari alikuwa ameshaanza kuangalia saa.

Mara ya kwanza nikaambiwa ni msongo wa mawazo. Mara ya pili upungufu wa damu, nikapewa vidonge vya chuma. Mara ya tatu nilikuwa na alama usoni, shavu hadi shavu kupitia puani, lile umbo la kipepeo ambalo daktari yeyote wa lupasi akiliona anasimama. Ila kwenye picha za vitabu vyao kipepeo ni mwekundu kwenye shavu jeupe. Kwangu mimi alikuwa mweusi wa zambarau, kama nimeunguzwa na jua. Akauliza kama nimetoka likizo. Ilikuwa Novemba!

Aliyenikamata ni nesi. Mama mmoja wa Zimbabwe, mtu mzima, miwani kwenye kamba. Nilikwenda kupimwa presha tu. Presha ikawa juu. Akaniuliza, "Mkojo wako una povu?" Nikaona haya. Nikamwambia ndiyo, kama sabuni ya kufulia, na halikatiki hata nikimwaga maji. Akanipa kikopo. Niliporudi nacho alichovya kijikaratasi chenye viraka vya rangi, akakilaza juu ya meza, tukakiangalia wote wawili. Kiraka kimoja kilikuwa cha njano. Kikaanza kugeuka kijani, pembeni kwanza, halafu chote, kama embe linavyoiva ila kinyumenyume. Hakusema kitu. Akachukua simu akampigia daktari, na mara hii hakuna aliyeniuliza habari za likizo.

Ile kijani ni protini. Figo ni chujio, protini ilitakiwa ibaki kwenye damu, na chujio langu lilikuwa limetoboka. Na figo, ndugu zangu, haziumi. Sikuwa na maumivu yoyote kiunoni. Kipimo chenyewe hata zahanati nyingi za kwetu wanacho, kile kijikaratasi, na ndicho kilichoona. Kwa hiyo dada mwenye viungo vinavyovimba, homa zisizoeleweka, malaria hakuna, taifodi umeshatibiwa mara nne: omba wakupime mkojo, na presha, na damu ya kuangalia figo. Usione haya kuomba.

Februari 2019 wakachukua kinofu cha figo. Unalala kifudifudi, wanakuchoma sindano mgongoni, unaambiwa zuia pumzi, kitu kinalia tak, kama stepla. Kisha unalala chali kwa masaa sita bila kunyanyuka. Jibu likaja: lupasi imeingia figoni.

Ndiyo vikaja hivi. Kikubwa hiki ni maikofenoleti, kinawatuliza sungusungu kwa nguvu. Akina dada, ukiwa unakitumia usibebe mimba, kinadhuru mtoto. Ukitaka mtoto unamwambia daktari mapema, anakubadilishia dawa kwanza, na wenye lupasi wengi wanazaa salama wakipanga. Hiki cha presha, kinasaidia na figo pia. Hiki cha kulinda tumbo. Na hiki, sasa sikilizeni, kinaitwa haidroksiklorokwini. Nilipokuja kumtajia mama kwenye simu, miaka baadaye, alinyamaza, halafu akasema, "Klorokwini? Ile ya kuwashwa?"

Ile ile, au tuseme ndugu yake. Wa umri wangu mnaikumbuka. Chungu hadi kwenye kisogo, na usiku mwili mzima unawasha mpaka unajikuna kwa kitana. Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria 2001, vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Hii ndugu yake ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi. Haikimbilii kufanya kazi, mimi ilichukua karibu miezi mitatu kuona tofauti, na macho lazima yapimwe kila kipindi maana ikikaa miaka mingi inaweza kudhuru nyuma ya jicho. Mwaka 2020 rais wa Marekani, Trump, alipoisifu kuwa inatibu korona, ilikuja kuonekana haitibu, lakini wakati huo watu waliikimbilia. Mfamasia wangu akanipa ya wiki mbili badala ya miezi miwili, akaniomba radhi kama vile yeye ndiye aliyezungumza.

Na mnaosema huku matibabu bure: hospitali sitoi hela mlangoni, ni kweli. Lakini wengi wanaokuja na viza wanalipa kwanza ada ya afya, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Na hapa England dawa za dirishani ni pauni 9.90 kila aina. Mwenye kisukari cha kumeza dawa anasamehewa, mwenye lupasi hapana. Aina tano kila mwezi ni pauni 594 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nililipa hivyo hivyo kwa ujinga, mpaka mfamasia akaniambia kuna cheti cha kulipia kabla, siku hizi pauni 114.50, unamaliza mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia. Mlioko England, kakateni leo.

Sasa Tanga.

2022 mdogo wangu anaolewa. Naingia nyumbani, sijaweka hata begi chini, shangazi ananishika mashavu: "Umenawiri mwanangu! Ulaya si mchezo." Mtaa mzima hivyo hivyo. Wamama wa ngoma wanaimba jina langu. Wewe ungesimama pale useme, "Jamani, huu ni ugonjwa"? Mimi sikuweza. Na nilijua mtu akiniona nameza vidonge kila asubuhi saa ileile, hataniuliza. Atahesabu mwenyewe, na jibu lake mnalijua. Tayari mama mdogo alishaona losheni yangu ya kuzuia jua, maana jua huwaamsha sungusungu, akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba nimeanza mkorogo.

Nikaficha dawa kwenye sanduku chini ya kanga. Chumba tulilala wanawake sita. Siku ya kwanza nikakosa nafasi ya kulifungua. Siku ya pili nikajisemea, mbona niko sawa. Na nitawaambia ukweli: siku ya tatu nilifurahi. Nilifurahi kuwa mtu asiye na dawa.

Siku ya sita, asubuhi ya singo, ya kumsugua bibi harusi, nikatapika. Nikadhani pilau. Nikasimama kwenda uani, ukuta ukaondoka. Niliyokumbuka baadaye ni dari ya hospitali na feni lake.

Hili ndilo nilikuwa nalijua na nikalipuuza. Steroidi ukiimeza muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza ya kwake. Kwa nini ujisumbue, si inaletwa kila asubuhi? Ukikata ghafla huna ya dawa wala ya mwili, presha inaporomoka, na mtu anakufa hivyo. Kuacha ni kushushwa kidogo kidogo na daktari, wiki hadi wiki.

Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, aliwauliza ndugu zangu natumia dawa gani. Shangazi akajibu, "Hatumii dawa, mwanetu mzima, humwoni alivyonawiri?" Kijana akaniangalia mashavu. Akaniangalia mgongoni, kuna kijinundu cha mafuta hapa nyuma ya shingo, steroidi inakileta. Akawaambia nendeni mkalete begi lake.

Mama alileta sanduku zima kichwani mwa mtoto wa jirani. Akalifungua pale kitandani, akatoa kanga moja moja mpaka akafika chini. Kijana alisoma boksi, hakumaliza kusoma, akaita sindano ya haidrokotisoni, nayo ni steroidi, na dripu. Kufika magharibi nilikuwa nimekaa, nakunywa uji.

Mama alikuwa bado ameshika lile boksi. Hakuniuliza ni ugonjwa gani. Aliuliza, "Miaka mitatu, ulikuwa unanificha mimi?" Sikuwa na jibu, na harusi nilikuwa nimeikosa. Nililetewa biriani kwenye hotipoti.

Siku hizi dawa zangu zinasafiri kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, na kwenye pochi nina kadi hii inayosema natumia steroidi, ili nikidondoka mbele ya mtu asiyenijua asinisifie mashavu. Kwa dokta naingia na karatasi yenye sentensi tatu, mkojo kwanza, salamu baadaye.

Kiboksi kimejaa. Ngoja nimeze cha usiku huu mbele yenu, bismillahi... Bado chungu. Miaka yote hii bado chungu.

Na hiyo simu mnayoisikia inatetema mezani ni mama, kule kwao ni usiku mkubwa, lakini halali kabla hajapiga. Zamani alikuwa anaanza na hujambo, umekula. Sasa ngoja nipokee muisikie mwenyewe, nimeweka spika... Shikamoo mama.

"Marahaba. Klorokwini umekunywa? Na povu?"