Mama Ana Yuniti 75

Hamjambo jamani? Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Huyo mnayemsikia ni jogoo wa jirani, na anayepiga kelele nyuma yake ni muuza samaki. Leo siko Houston. Niko Tabata Kimanga, barazani kwa Mama, saa mbili kasoro asubuhi na nguo imeshaninata mgongoni. Desemba ya Dar nilikuwa nimeisahau. Miaka sita si mchezo.

Video hii ilikuwa iwe nyingine kabisa. Nilishaipanga tangu kule: nifungue mabegi mbele yenu, mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na moja lote limejaa vyombo vya kumrahisishia Mama maisha. Apunguze mafuta, atembee, apime uzito. Daktari alishamwambia sukari yake iko ukingoni, basi mimi nikajipa udaktari msaidizi. Daktari msaidizi mwenyewe nilipanda ndege nina kilo 89, ila hilo tutalifikia.

Siku ya pili natafuta shuka, nikafungua kabati la Mama. Ngoja nigeuze simu muone. Hilo birika la umeme, boksi halijafunguliwa. Tosta hiyo, bado ina nailoni yake. Blenda imevishwa kitambaa cha kufuma, unaweza kudhani ni bibi harusi. Na hii hapa ni mashine ya kahawa. Mama hanywi kahawa, hajawahi kunywa kahawa tangu nimjue, na kwa nini nilimnunulia siwezi kuwaeleza. Hela zote zangu. Nilikuwa natuma, dada anakwenda Kariakoo, anachagua, ananirushia picha, mimi nafurahi na kulala usingizi mzuri.

"Mama, mbona huvitumii?"

"Vipo, mwanangu. Vinatunzwa."

Nikanuna. Mwaka juzi, wale wa siku nyingi mnakumbuka, nilikaa mbele ya simu nikalalamika kwamba wazazi wetu ukiwapa kitu kizuri wanakifungia kabatini kusubiri wageni. Yale maneno nayarudisha leo, na sababu ni lile jiko la kukaangia kwa hewa, lisilotaka mafuta, ambalo ndilo lilikuwa bwana mkubwa wa begi langu.

Siku ya tatu nikaliweka mezani. Mama akalizunguka, akaligusa kwa kidole, akauliza swali moja: "Linakula yuniti ngapi?" Nikamjibu, na jibu hili bado linanitia aibu, "Mama, usiwaze umeme, mimi nipo." Nikachukua plagi ya kubadilishia niliyonunua uwanja wa ndege, nikachomeka. Viazi ndani, mtoto wa dada kakaa na sahani mkononi. Taa ikawaka, feni ya ndani ikanguruma kama bajaji inayopanda mlima, ikaja harufu ya waya unaoungua, halafu pah! Kimya. Friji kimya, televisheni kimya. Jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Umekatika kote au kwenu tu?" Kwetu tu, jirani. Kwetu tu.

Akaja fundi, kijana wa hapa hapa mtaani. Akalipindua jiko, akasoma kibandiko cha chini, akanitazama kama mtu anayekuja kutoa pole. "Dada, hiki cha volti 120. Hapa tuna 230." Ile plagi inabadilisha meno tu, umeme unapita ule ule. Akanipigia hesabu kwa kalamu juu ya boksi. Jiko la wati 1,500 kwa umeme wa Marekani ukilileta huku, volti inakaribia mara mbili, lakini moto haupandi mara mbili, unakaribia mara nne, kwa sababu volti ikipanda mkondo nao unapanda. Wati 5,500! "Shukuru breka imeshuka," akasema. Nikambishia, mbona chaja ya simu yangu inakubali? Akaniambia nisome maandishi yake. Kweli, imeandikwa 100 mpaka 240, yenyewe inajirekebisha. Kwa hiyo ninyi wenzangu wa Marekani mnaofunga mabegi wiki hii: kitu chochote chenye waya wa kutoa joto ndani yake, jiko, pasi, kikausha nywele, kipindueni kwanza. Wa Uingereza fungeni mabegi yenu kwa amani, umeme wenu na plagi zenu ni kama za huku.

Viazi tukavikaanga kwa mafuta. Vilikuwa vitamu, siwadanganyi.

Jioni Mama akaniita chumbani, akatoa daftari. Daftari la shule, la mistari, jalada limechoka. Nilidhani ni hesabu za kikoba. Ni umeme. Kila asubuhi baada ya kuswali anakwenda kwenye kile kidude cha kuingizia namba za LUKU, umeme wa kulipia kabla, anasoma yuniti zilizobaki, anaandika. Tarehe, namba. Tarehe, namba. Miaka. Pembeni kuna maelezo mafupi: "pasi", "wageni", "feni usiku kucha". Mahali pamoja ameandika "birika", amepigia mstari mara mbili, na baada ya siku hiyo birika halionekani tena. Kumbe lilishatolewa kwenye boksi, likafanyiwa majaribio, likarudishwa kwenye boksi lake kwa ustadi wa duka.

Sasa ninyi wa nyumbani haya mnayajua, mimi ndiye niliyekuwa gizani, maana kule bili inajikata yenyewe benki wala siisomi. Mama yuko kwenye daraja la matumizi madogo. Yuniti 75 kwa mwezi, kila moja shilingi 100. Ukivuka, kila yuniti ya ziada ni 350, na hapo kodi bado. Ukiizoea tabia ya kuvuka, wanakuhamisha daraja. Yuniti 75 kwa siku thelathini ni mbili na nusu kwa siku. Friji lake lile la zamani linachukua karibu moja peke yake. Weka feni mbili za usiku, weka televisheni na taa, weka pasi ya sare za shule kila Jumapili. Jiko langu, kama lingekuwa la volti za huku, nusu saa tu lingekula robo tatu ya yuniti. Kwa sahani moja ya viazi!

Miaka yote hiyo nilikuwa namtumia bili zenye kitambaa cha kufuma juu yake.

Nikajitetea. Nikamwambia, lakini Mama, si huwa natuma na hela ya umeme? Akafunga daftari. "Mwezi unaotuma, sawa. Mwezi usiotuma?"

Sikuwa na jibu. Kuna miezi sikutuma. Wenye zamu za kukatwa masaa mnanielewa.

Halafu akanionyesha kitu jikoni ambacho sikukinunua mimi. Sufuria ya presha ya umeme, kaichukua mwenyewe Kariakoo kwa hela ya mgao wa kikoba. Haijavishwa kitambaa, ina madoa ya mchuzi. Kabla ya kuichemshia maharage kwa mara ya kwanza aliandika 41.3, yalipoiva akaandika 40.9. Sehemu nne za kumi za yuniti! Mkaa wa maharage hayo hayo ungekuwa buku mbili na macho mekundu. Basi Mama haogopi vyombo. Mama ana daftari. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua bila daftari.

Ehe, na saa. Nilimletea saa ya mkononi ya kuhesabu hatua, ili atembee. Wiki ya kwanza aliivaa kwa raha zake. Ukatokea msiba Segerea, akaenda nayo. Wamekaa mkekani kinamama, shehe anaomba dua, saa ikatetemeka na kuandika maneno ya Kiingereza. Mama hana miwani, akamnyooshea mkono mwalimu mstaafu aliyekaa naye. Mwalimu akasoma, akamnong'oneza: "Inasema usimame." Mama akadhani ni amri ya daktari, akasimama. Wanawake watatu wa pembeni yake walipomwona kasimama na wao wakasimama. Aliporudi nyumbani akaivua, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ivae wewe unayekaa sana."

Nikaivaa. Ndiyo nikaenda nayo kwenye jogingi ya mtaani Jumapili. Mimi Houston nakimbia, msinione hivi. Nakimbia kwenye mashine, ndani ya jimu yenye kiyoyozi, televisheni mbele ya pua. Nikasema hawa watu wa Kimanga nitawapa somo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wameshajaa, fulana za rangi moja, mwenye filimbi mbele, wazee kwa vijana, na dada mmoja kajifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi. Tukateremka kuelekea Relini. Kazi si kukimbia, kazi ni kukimbia huku unaimba. Mwenye filimbi anatupa mstari, kundi zima linaitikia, makofi yanafuata, miguu inashuka pamoja kama mguu mmoja. Ukikosa pumzi ya kuitikia kila mtu anajua. Hewa yenyewe nzito, unaivuta kama unakunywa uji. Kilomita ya pili saa inaniambia moyo unapiga 171. Mzee mmoja, huyo ni babu wa watu kabisa, akageuka akawa anakimbia kinyumenyume mbele yangu, ananitazama usoni, anaimba. Sikuweza kuitikia hata neno moja.

Tuliporudi saa iliandika kilomita 6 na ushee, kalori 540. Nikajisikia bingwa kwa muda wa dakika kumi hivi, kwa sababu jogingi ya hapa haiishii barabarani, inaishia kwenye supu. Kongoro, ndimu, pilipili, chapati mbili. Zile chapati peke yake zilishazila kalori zangu zote, na kongoro sikulihesabu kwa kuogopa. Wiki ijayo wanakwenda Daraja la Tanzanite, lile linalopita juu ya bahari kutoka upande wa Coco mpaka Aga Khan, kilomita moja na kidogo. Lilifunguliwa 2022, nilipoondoka halikuwepo. Nimeshalipia fulana, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Kimebaki kitu kimoja, mzani. Mzani mwembamba wa kioo, wa kupimia uzito, nilimpa mtu aliyekuwa anakuja huku, akamletea Mama. Mama akapanda, ukaandika 167. Hospitali walishamwandikia 76. Akasema huu umekufa. Kumbe ulikuwa unasoma kwa paundi. Mtoto wa dada ndiye aliyeupindua akaona kitufe, akabonyeza, ukaja kilo. Tangu siku hiyo mzani huu ndio chombo changu pekee kinachofanya kazi kila wiki katika nyumba hii, ila si kazi niliyoununulia. Unapima unga. Unapima mchele wa mfuko. Na unapima gesi.

Mtungi wa kilo sita, mnaujua. Uzito wake ukiwa mtupu umegongwa kwenye ile kola ya juu. Wa Mama umeandikwa 6.8, kwa hiyo ukijaa lazima ufike 12.8. Tatizo ukiuweka mtungi juu ya mzani unafunika namba, huoni kitu. Mama akapata dawa: anapanda mtu kwanza, wanasoma. Kisha mtu huyo huyo anapanda kaubeba mtungi, wanasoma tena, wanatoa. Mtoto wa dada alikuwa ndiye jiwe la mzani, kilo 41. Kuna siku alipanda na mtungi ikatoka 52.6. Mama akatoa kichwani: 11.6. Gesi kilo 4.8, imepungua kilo 1.2. Akaubeba mtungi na mzani, vyote viwili, mpaka dukani, akampandisha mtoto mbele ya wateja. Akabadilishiwa bila maneno mengi.

Sasa mtoto yuko likizo kwa bibi yake mwingine, na jiwe la mzani… Abee Mama! Nakuja! Mnasikia? Kijana wa gesi kafika. Mara ya kwanza Mama alinipandisha mimi hapa hapa barazani, kijana kasimama na bodaboda yake, na Mama husoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo hesabu inavyofanywa. "Tisini na tatu nukta nne!" Mtaa mzima. Nikaubeba mtungi, nikapanda tena. "Mia moja na sita nukta mbili!" Akafumba jicho moja, akatoa. "Kumi na mbili nukta nane. Gesi iko sawa." Kijana akapokea hela yake, akanitazama mimi, akatazama mtungi, akasema, "Shikamoo dada," akaondoka.

Abee! Nimeshasimama, Mama! Jamani, ngoja niizime hii simu kabla hajaanza kusoma.