Nani kasema? Insha yangu ya kwanza na kitambaa cha Kilwa

Haya jamani, hamjambo? Shikamooni wazee wangu wa Kilwa, na nyie wengine mambo vipi. Leo niko jikoni, msinicheke, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari maana kile kijiti chake kimevunjika. Huko nje saa kumi tu jioni na giza limeshaingia. Ndiyo Desemba ya Uingereza hiyo.

Wengi mnaniuliza, "Kaka, kweli umeacha ghala ukasome?" Sijaacha, nimepunguza zamu. Nasoma historia, na muhula huu wa kwanza kuna kozi ya lazima kwetu sote wa historia, fasihi, lugha na dini: mbinu za utafiti. Mimi nilijua utafiti ni wa wale wenye makoti meupe na vichupa.

Insha ya kwanza tukaambiwa tuchague mada. Nikasema hapa wamenipa penalti bila kipa, naandika Kilwa. Nikamwaga yote: Washirazi, watu wa Shiraz kule Uajemi, walikuja na majahazi saba, mkuu wao Ali bin al-Hasan akakinunua kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Kurasa nne, usiku mmoja, na chai ya tangawizi.

Karatasi ikarudi. Tazameni hapa pembeni, sijui mnaona? Penseli. Maneno mawili tu, kwa kwetu ni "Nani kasema?" Na hapa tena. Na hapa. Nimezihesabu, kumi na moja! Nikakasirika, nikaona mwalimu ananidharau. Nani kasema? Kilwa nzima imesema!

Basi nikaenda kwa mkutubi, mama mmoja mpole, akanipa tafsiri mbili nizisome sambamba. Nilizitandaza kwenye meza hii hii. Ya kwanza ni tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha habari zake za kale, iliyoandikwa kwa Kiarabu. Nakala iliyopo iko London, British Library, na ilinakiliwa mwaka 1877. Sultani Barghash wa Unguja ndiye aliyempa John Kirk, balozi mdogo wa Waingereza. Ya pili ni ya Mreno, João de Barros, ilichapwa mwaka 1552. Huyu alikuwa mtu wa ofisi kule Lisbon, Kilwa hakuikanyaga, lakini alikuwa na habari zilizotoka huko baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505.

Sasa sikilizeni. Kwa nini Washirazi walihama? Kitabu cha Kiarabu kinasema sultani wao aliota panya mwenye mdomo wa chuma anatafuna kuta za mji, akajua nchi yao itaharibika. Panya wa chuma! Barros hana panya. Yeye anasema Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, halafu akasikia pwani yetu kuna dhahabu, akaondoka Hormuz, kisiwa cha Ghuba ya Uajemi, na majahazi mawili.

Nilikaa hapa hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa nauliza nani mkweli. Kozi inanifundisha kuuliza kwanza: huyu aliandika akiwa wapi, anamwandikia nani, anatafuta nini? Wareno walikuja wakiitafuta dhahabu, na kwa Mreno dhahabu ndiyo sababu. Simsemi kuwa mwongo. Nasema nimeona mkono wake kwenye hadithi.

Hata wachimbaji wa mambo ya kale wanaulizana hivyo hivyo. Neville Chittick alichimba Kilwa, akapata sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, akasema utawala wa Washirazi ulianza karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, za Ali zimo, pamoja na dinari za dhahabu, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1066. Kama za Ali zilifukiwa pamoja na hizo, basi huenda Ali alitawala zamani kuliko 1200, na hesabu ya Chittick ikayumba.

Basi nikampigia shangazi, Kilwa Masoko, nimrekodi. Chuo kinataka fomu ya ridhaa, unayemhoji atie sahihi. Shangazi akaruka: "Sahihi ya nini? Nimekopa kwa nani?" Ikabidi nimsomee fomu yote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, vifurushi vinaisha. Akakubali, ila jina lake nisiliandike.

Akasimulia. Kitambaa kipo. Mfereji upo pia, ule Ali aliouchimba ili aliyemuuzia kisiwa asirudi kwa miguu maji yakitoka, na hilo kitabu cha Kiarabu nacho kinalo. "Si unaona mwenyewe," anasema, "mpaka leo kwenda Kisiwani ni chombo." Panya hamjui kabisa, alicheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza, shangazi, nawe nani kakwambia? Kimya. Nikadhani mtandao umekata. "Bi mkubwa mmoja Kisiwani," anasema, "alikuwa akikaa mlangoni anasuka ukili. Nilikuwa mdogo. Jina lake... hebu niache, maswali kama polisi!"

Nimeandika hivyo hivyo: bi mkubwa, Kilwa Kisiwani, mlangoni, ukili. Penseli itarudi, najua. Kwa hiyo wa Kisiwani mnaotazama, bibi zenu walisimuliaje? Majahazi mangapi? Walimtaja panya? Niandikieni hapo chini, na mseme ni nani aliyewaambia.