Maji Yaliyochemshwa Mara Tatu

Asanteni, kaeni. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi, na wanaocheka kule nyuma nawaona. Leo nina mambo matatu ya kuianza asubuhi bila haraka na, ndiyo, la kwanza ni birika tena.

Kwa miaka miwili nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Sababu sizitaji, wengi mmekuja nazo humu ndani. Asubuhi nabandika birika, nageuka kujibu ujumbe mmoja. Mmoja tu. Nikirudi, maji yamepoa. Nayachemsha upya, nairudia simu. Siku moja niliyachemsha mara tatu, kisha nikatoka bila kunywa chochote. Usiku narudi, nakuta kikombe mezani, kikavu, kijiko ndani, kinanisubiri tangu alfajiri. Miaka miwili sikuwahi kuililia kazi, lakini kikombe kile nilikililia.

Daktari akanilazimisha kupumzika. Wiki ya kwanza nilizunguka nyumbani kama mgeni. Asubuhi moja nikasimama kando ya birika kwa kukosa la kufanya, nikalisikia. Mmewahi kulisikiliza? Linaanza kwa kuguna, linavuma, linazidi, halafu maji yakikaribia kabisa kuchemka, kelele inashuka. Nilidhani limeharibika! Kumbe ni viputo vya mvuke: vikizaliwa chini hukutana na maji ya juu ambayo bado hayajapata moto, vinabonyea, na kule kubonyea ndiko kunakopiga kelele. Maji yote yakishika moto, vinafika juu vizima na ukali wa kelele unapungua. Mtu mzima mimi, maji nimeyachemsha maisha yangu yote, na ule utulivu sikuwahi kuusikia. Tangu siku ile nausubiri kila asubuhi, simu ikiwa chumba kingine.

Hapa huwa ananyoosha mkono mtu mmoja: "Mwalimu, hilo litaniongezea ufanisi?" Baba, mimi sijui, na sitaki kujua! Ukishaanza kulipima birika, umeliajiri. Kuna watu wameshaigeuza asubuhi kuwa zamu ya kwanza: kuamka saa kumi alfajiri, kuandika malengo, kujipa alama. Hao wamehamishia ofisi jikoni tu.

Mwingine ana watoto wadogo, ananitazama kwa hasira, na ana haki. Lakini sikuombi saa nzima. Nakuomba zile dakika ambazo maji yanachemka hata hivyo, mtoto akiwa mgongoni. Anayekesha kazini naye, asubuhi yake ni pale anapoamka, hata ikiwa saa tisa alasiri.

Na yule anayesema nahubiri uvivu? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo, kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Basi nisisikie bosi amenunulia wafanyakazi birika jipya akaziacha saa zao vilevile. Saa zipunguzwe kwanza, mimi na birika langu tutafuata.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka, ingawa ni aibu kuharakisha mada hii. Jambo la pili ni mwanga. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili, ile ya ndani inayotuambia lini tulale na lini tuamke, na wa nje hata siku ya mawingu unaishinda mbali taa ya chumbani. Fungua dirisha, au toka nje usimame. Usikimbie, simama tu. La tatu lilikuwa kutandika kitanda, nina hoja nzuri sana juu ya mto, lakini birika limekula muda wake kama kawaida.

Maswali? Wewe wa mbele, uliyekuwa unaandika ujumbe tangu nianze, tuanze na wewe.