Chaki ya Ekofisk Imekula Kipindi

LOMAYANI: Karibuni tena, tuko Arusha kama kawaida. Upendo, kabla hujafungua daftari lako la masomo matatu ya miamba inayosumbua visima, ngoja nikwambie ya Usa River.

UPENDO: Kisima cha shemeji yako.

LOMAYANI: Kile kile! Jumatano jioni mafundi waliacha shimo likiwa wazi. Asubuhi wanashusha kesing, lile bomba la kushikilia kuta za shimo, haiingii. Shimo limejibana usiku. Nikabandua udongo ulioganda kwenye biti, ile ncha ya kuchorongea, nikautia kwenye ndoo ya maji. Ukavimba, ukawa unateleza vidoleni kama sabuni. Na walikuwa wanachoronga kwa maji matupu.

UPENDO: Pole zao. Majivu ya volkano yakioza yanaweza kuwa mfinyanzi wa namna hiyo. Wachimba mafuta nao wanahangaika hivyo hivyo kwenye mwamba tope. Wanatia kloridi ya potasiamu kwenye matope ya kuchorongea, au wanatumia matope ya mafuta badala ya maji, ili mfinyanzi usinywe maji ukavimba.

LOMAYANI: Unaona? Fundi angesema tu "hapa ni mfinyanzi", angebadilisha maji mapema. Jina la mwamba linakupa nusu ya kazi.

UPENDO: Hapana, kaka. Mfinyanzi wa smektaiti unavimba vibaya. Wa kaolini hauvimbi hivyo. Ukiishika mkononi, yote unaiita mfinyanzi. Na hapo hatujafika kwenye chaki.

LOMAYANI: Chaki iko somo la ngapi?

UPENDO: Haimo, ila lazima niiseme. Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway. Mafuta yaligunduliwa 1969, kwenye chaki iliyo kilomita 3 hivi chini. Ile ni mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, na kuna sehemu karibu nusu ya mwamba ni matundu. Sasa, uzito wote wa juu unabebwa na nani? Chembe za mwamba zinabeba sehemu, na presha ya mafuta ndani ya matundu inabeba sehemu. Ukinyonya mafuta, presha inashuka, mzigo zaidi unaangukia chembe. Chaki ikashindwa, matundu yakaporomoka. 1984 wakagundua sakafu ya bahari imezama mita 3 hivi. 1987 wakainua majukwaa ya chuma mita 6!

LOMAYANI: Kuinua jukwaa zima, baharini?

UPENDO: Kwa jeki za haidroliki. Wakasukuma maji chini kurudisha presha. Presha ikapanda, lakini chaki iliendelea kusinyaa, kwa sababu maji yenyewe yanailegeza.

LOMAYANI: Lakini kule kusinyaa ndiko kulikosukuma mafuta mengi yatoke.

UPENDO: Kweli kabisa, na visima vikapindika na kukatika. Nachosema ni hiki: jina lilikuwa chaki siku ya kwanza, na lilikuwa chaki ilipozama. Kilichobadilika ni presha na maji. Pima sampuli, usisome lebo.

LOMAYANI: Na mimi nasema ingekuwa jiwe la mchanga lililoshikamana vizuri, sakafu isingezama hivyo. Kwa hiyo jina lilikuwa na maana tangu mwanzo. Fundi wa Usa River hana maabara, Upendo. Ana macho na jina.

UPENDO: Basi apewe ndoo kama yako. Hicho ni kipimo, si jina.

LOMAYANI: Niliijaza ndoo kwa sababu nilijua ni mfinyanzi!

UPENDO: Uliijaza kwa sababu hukujua utafanyaje.

[Kimya.]

LOMAYANI: Sikubaliani.

UPENDO: Wala mimi. Na dada wa studio anaonyesha saa.

LOMAYANI: Je, mchanga unaotoka na gesi? Nilitaka tuseme juu ya Songo Songo. Pale Kilwa iligunduliwa 1974, na gesi yenyewe imo kwenye jiwe la mchanga.

UPENDO: Saruji ya asili kati ya chembe ikiwa dhaifu, mchanga unapanda na gesi na kula vyuma, ndiyo maana kuna visima vinavyowekwa wavu chini. Hilo lilikuwa somo la pili. La tatu ni mwamba wa chumvi, unaotiririka polepole mpaka unabana kesing ya chuma. Hilo lina saa yake peke yake.

LOMAYANI: Basi tuache. Wasikilizaji, mtusamehe kwa masomo. Shemeji, leo naleta bentonaiti, ule udongo wa kuchanganya na maji ya kuchorongea.