Diski isile chaji kompyuta ikiwa imelala

Karibuni tena. Umefunika kompyuta mpakato usiku ikiwa na chaji asilimia 90, asubuhi unaikuta na 60. Kabla hujaenda kununua betri nyingine, tuangalie kwanza inavyolala.

Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, kisha uifungue kwa "Run as administrator". Dirisha jeusi likitokea, andika:

powercfg /a

Soma mistari ya juu. Ukiona S3, diski yako huzimwa mashine inapolala. Kinacholishwa umeme ni RAM hasa, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua. Ukiona S0 Low Power Idle, usingizi wake ni wa mang'amung'amu: huamkaamka kushughulikia mtandao na masasisho, na diski nayo huitwa kazini. Hawa wa S0 ndio ninaowafikiria zaidi leo.

Sasa andika:

powercfg /change disk-timeout-dc 10

Maana yake, ukiwa kwenye betri, diski ikikaa dakika 10 bila kazi izimwe. Tafadhali usiishushe hadi 1. Diski ya kuzunguka hula umeme mwingi inapoanza kuzunguka kuliko inapoendelea, na kuizimazima huichakaza. Kama yako ni SSD, hatua hii haitakuokolea kikubwa, haina kinachozunguka.

Dawa yenyewe ni hii, amri mbili, moja baada ya nyingine:

powercfg /h on

powercfg /change hibernate-timeout-dc 60

Baada ya dakika 60, Windows itanakili yaliyomo kwenye RAM na kuyaweka ndani ya diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys, halafu itajizima. Ukiiwasha, kazi zako utazikuta pale pale ulipoziacha. Itachelewa kidogo kuamka, na faili hilo hula GB kadhaa, kwa hiyo hakikisha una nafasi. Kwangu mimi bei hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na kuamka umeme umekatika na betri haina kitu.

Una diski ya nje? Itoe kwa utaratibu, kisha uchomoe waya. Mashine nyingine hupeleka umeme kwenye tundu la USB hata zikiwa zimelala. Taa ya diski ikiwaka, inakula.

Leo usiku andika asilimia ya chaji kwenye karatasi, linganisha asubuhi. Wa S0, mkiona bado inashuka, andikeni powercfg /sleepstudy. Itatengeneza ripoti, ifungueni kwenye kivinjari, mtaona ni kifaa au programu gani iliyokesha.